Rahisi kwa Nani? Kompyuta Kuu na Mashirika Madogo

Nilipofika Dar es Salaam kwa mara ya kwanza, na Kiswahili changu cha darasani kutoka Mbarara, neno moja lilinisumbua kuliko mengine yote. Muuza nyanya sokoni aliniambia kwamba nyanya zake ni rahisi. Nilidhani anamaanisha kuwa ni rahisi kuzipika. Mwenzangu alicheka, akanieleza kwamba kwa Waswahili kitu rahisi ni kile kisicho kigumu, na vilevile ni kile kisicho ghali. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitazama neno hilo kwa makini, na ndilo lililonifikisha kwenye mada ya insha hii: kompyuta kuu zilizotengenezwa makusudi ziwe rahisi, kwa maana zote mbili, ili mashirika madogo nayo yaweze kuzitumia. Swali langu ni moja tu. Zilikuwa rahisi kwa nani?

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Kompyuta kuu ni ile mashine ya kujaza chumba, inayofanya kazi za shirika zima: mishahara, ankara, hesabu za wateja, michango ya bima. Siku hizi tukisikia neno kompyuta tunafikiria kitu cha kuweka mapajani. Katika miaka ya 1950 hapakuwa na kompyuta ya namna hiyo, na aliyekuwa na kompyuta alikuwa serikali, jeshi, chuo kikuu au kampuni tajiri. UNIVAC ya kwanza ilikabidhiwa kwa Idara ya Sensa ya Marekani mwaka 1951, na bei ya mashine za aina hiyo ilipanda hadi kupita dola milioni moja. Mwaka huohuo kampuni ya Lyons ya London, iliyokuwa ikiuza chai na keki, ilianza kutumia kompyuta iliyojitengenezea yenyewe, LEO, kupigia hesabu za tanuri zake za mikate. Kisa hiki hupendwa sana na waandishi wa historia, kwa kuwa keki na kompyuta ni vitu visivyodhaniwa kukaa pamoja. Lakini kisitudanganye. Lyons haikuwa duka la chai la mtaani. Ilikuwa na maelfu ya wafanyakazi, na ilikuwa na fedha za kukisaidia Chuo Kikuu cha Cambridge kumaliza kompyuta yake ili nayo ijifunze kutoka huko.

Je, hao wadogo walikuwa wakitumia nini? Hapa wengi wetu hudhani kwamba kabla ya kompyuta palikuwa na kalamu na leja tu. Sivyo. Tangu sensa ya Marekani ya mwaka 1890, ambamo mashine za Herman Hollerith zilihesabu watu kwa kutumia kadi zenye matundu, palikuwa na ulimwengu mzima wa mashine za kadi. Kila kadi iliwakilisha kitu kimoja: mtu mmoja, mauzo mamoja, au bima moja. Kuanzia mwaka 1928 kadi ya IBM ilikuwa na safu 80, na katika kila safu tundu lilionyesha tarakimu au herufi. Mashine moja ilipanga kadi kwa mfuatano, nyingine ilichanganya mafungu mawili, nyingine ilijumlisha na kuchapa. Kampuni ya bima ya ukubwa wa kati ingeweza kuwa na chumba kizima cha mashine hizi, na makarani wakisukuma vigari vya kadi kutoka mashine hii hadi ile siku nzima.

Mashine hizo hazikuwa na programu kama tunavyoijua leo. Zilikuwa na ubao wa nyaya. Fundi alichomeka waya kutoka tundu moja kwenda jingine, na njia za nyaya hizo ndizo zilizoiambia mashine ijumlishe safu gani na ichape wapi. Kazi ya mishahara ilikuwa na ubao wake, kazi ya ankara ubao wake. Mbao zilipangwa ukutani kama sufuria jikoni, na ikija kazi nyingine unachomoa ule, unachomeka huu. Nimeueleza ubao huu kwa kirefu kwa sababu utatufaa mbele.

Mashine ya kwanza ya IBM iliyoweza kufika katika mashirika ya kawaida ilikuwa 650, iliyotangazwa mwezi Julai 1953. Kumbukumbu yake ilikuwa pipa la sumaku lililozunguka mara 12,500 kwa dakika na kubeba maneno 2,000 ya tarakimu kumi kumi. Ya kwanza ilipelekwa kwenye kampuni moja ya bima ya Boston mwishoni mwa mwaka 1954. Kodi yake ilikuwa zaidi kidogo ya dola 3,000 kwa mwezi, na hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 1962 zilikuwa zimetengenezwa karibu 2,000. Hakuna kompyuta iliyokuwa imefikia idadi kama hiyo kabla yake. Vyuo vikuu vilipunguziwa kodi hadi asilimia 60 kwa sharti la kufundisha masomo ya kompyuta. Huko Case, mjini Cleveland, kijana Donald Knuth alijifunzia kwenye mashine mojawapo, na baadaye aliitunukia mashine hiyohiyo mfululizo wake mashuhuri wa vitabu kuhusu uandishi wa programu. Wengi wetu huwatunukia wazazi. Punguzo lile lilikuwa biashara pia, kwa sababu mwanafunzi aliyezoea mashine ya kampuni fulani chuoni ataiomba hiyohiyo kazini. Nadhani sisi wanafunzi wa leo, tunaopewa programu za bure kwa barua pepe ya chuo, tunaelewa jambo hili vizuri.

Hata hivyo 650 ilitumia vali za kioo zenye kutoa joto na kuungua, na bado ilikuwa ghali kwa yule mwenye mashine mbili tatu za kadi. Msukumo wa kumfikia huyo haukutoka Marekani. Ulitoka Ufaransa. Kampuni ya Bull ya Paris, iliyopata jina lake kwa mvumbuzi wa Norway Fredrik Rosing Bull, ilitoa mwaka 1952 kikokotozi cha elektroniki kiitwacho Gamma 3, ambacho kiliunganishwa na mashine za kadi na kuzipa nguvu mpya. Wateja wa IBM barani Ulaya walianza kugeuza macho. Wahandisi wa IBM wa Ufaransa na Ujerumani walipewa kazi ya kubuni mashine ya kujibu mapigo, lakini mpango wao ulikuwa na gharama kubwa mno.

Francis Underwood, mbunifu wa IBM huko Endicott katika jimbo la New York, aliuangalia mpango ule na kuuliza swali ambalo karani yeyote mwenye kubana matumizi angeuliza: fedha zinakwenda wapi? Jibu lilikuwa kwamba sehemu kubwa inakwenda kwenye ubao wa nyaya na vifaa vyote vinavyouzunguka. Basi aliuondoa. Maagizo ya kazi yangewekwa ndani ya kumbukumbu ya mashine yenyewe, pamoja na tarakimu na majina. Wazo la programu inayohifadhiwa ndani halikuwa lake, kompyuta kubwa zilikuwa nalo kwa miaka mingi. Lake lilikuwa kuliona kama njia ya kupunguza bei. Kile ambacho wakubwa walikitumia kwa ajili ya nguvu na kasi, yeye alikitumia kwa ajili ya uchumi wa mtu mdogo. Wanaosema kwamba kompyuta zilishuka bei kwa sababu ya transista peke yake husahau hatua hii. Transista zilisaidia, ndiyo, lakini transista ziliwekwa pia kwenye mashine za mamilioni ya dola, na bei ya hizo haikuwasaidia wadogo.

Mashine iliyozaliwa iliitwa IBM 1401, ikatangazwa tarehe 5 Oktoba 1959. Kodi yake ilianzia dola 2,500 kwa mwezi. Katika wiki tano za mwanzo ziliagizwa 5,200, zaidi ya idadi ambayo kampuni ilitazamia kwa maisha yote ya mashine hiyo. Jumla zilitengenezwa zaidi ya 12,000.

Ndani yake mlikuwa na nini? Kwa macho yetu, karibu hakuna kitu. Kumbukumbu ndogo kabisa ilibeba herufi 1,400. Ujumbe mmoja wa simu una herufi 160, kwa hiyo kumbukumbu ile isingetosha hata jumbe tisa. Kubwa kabisa ilibeba herufi 16,000, yaani jumbe mia moja. Na humo ndimo ilimokaa programu nzima ya mishahara pamoja na taarifa za mfanyakazi anayeshughulikiwa kwa wakati huo. Waandishi wa programu walihesabu herufi kama mama anavyohesabu vikombe vya unga mwisho wa mwezi.

Kubana huko kulizaa ubunifu mmoja ambao naupenda kuliko yote. Mashine nyingi za wakati ule, 650 ikiwemo, zilikuwa na neno la urefu mmoja. Kila kitu kilipewa nafasi sawa, kiwe kirefu au kifupi. 1401 haikufanya hivyo. Kila herufi ilikuwa na alama ndogo pembeni iliyoweza kuwashwa au kuzimwa, na alama hiyo ndiyo iliyoonyesha mpaka wa neno. Juma alichukua nafasi nne, Mwanahamisi kumi na moja, na hakuna nafasi iliyolala bure baina yao. Mtu anayekodi chumba kimoja hajengi kabati la watu kumi.

Kisha kulikuwa na printa. Ninaamini, na nimeona wengine wakikubali, kwamba wateja wengi walichukua 1401 kwa sababu ya printa yake kuliko kwa sababu ya kompyuta. Iliitwa 1403, na ilikuwa na mnyororo wa herufi uliozunguka kwa kasi mbele ya karatasi huku nyundo ndogo zikigonga kila herufi ilipofika mahali pake. Ilichapa mistari 600 kwa dakika. Mashine ya kadi iliyosifika kuliko zote kabla yake, 407, ilichapa mistari 150. Mhasibu wa kiwanda hajali sana jinsi mashine inavyojumlisha. Anajali kwamba ankara za wateja zimetoka leo na zinasomeka. Hapo ndipo biashara ilipoonekana kwa macho, na kwa masikio pia, kwa kuwa printa ile ilikuwa na kelele za ajabu. Vijana waliopewa zamu za usiku waligundua kwamba ukiipangia mistari fulani kwa mfuatano maalumu, nyundo zake hutoa sauti za muziki, na wakaanza kuichezesha nyimbo.

Nirudi kwenye maana ya pili ya rahisi. Shirika dogo halikuwa na wanahisabati. Lilikuwa na yule fundi wa ubao wa nyaya, aliyejua biashara vizuri lakini hajapata kuandika programu hata moja. Kwa ajili yake IBM ilitoa mfumo uitwao RPG, ambamo mtu hakuandika hatua kwa hatua namna ya kufanya kazi. Alijaza fomu: kadi zina nini na katika safu ipi, kipi kijumlishwe, taarifa itokee vipi kwenye karatasi. Mashine yenyewe ilitengeneza programu kutokana na fomu hizo. Fundi wa nyaya alijiona yuko nyumbani. Wasomi wa kompyuta wameidharau RPG miaka yote hii na kuiona si lugha ya kiungwana. Mimi naiona kuwa miongoni mwa mambo ya heshima katika historia hii, kwa sababu ilimfuata mfanyakazi alipokuwa badala ya kumwambia arudi shule.

Sasa kuhusu kodi. Ni muhimu kukumbuka kwamba wateja wengi hawakununua kompyuta. Walikodi. Hadi mwaka 1956 IBM ilikuwa ikikodisha tu mashine zake za kadi na kompyuta, na ni makubaliano yake na serikali ya Marekani mwaka huo, katika kesi ya kuzuia ukiritimba, yaliyoilazimisha kuuza pia. Hata baada ya hapo wengi waliendelea kukodi. Ndani ya kodi mlikuwa na fundi wa matengenezo, mafunzo, na programu. Shirika ambalo lisingeweza kamwe kutoa mamia ya maelfu ya dola kwa mara moja liliweza kutoa kiasi fulani kila mwezi, sawasawa na linavyolipa mishahara ya makarani. Na hivyo ndivyo wauzaji walivyoizungumza: mashine hii ni sawa na makarani wangapi?

Na waliokuwa wadogo zaidi, wasioweza hata kodi hiyo, waliweza kubeba kadi zao kwa gari hadi kwenye ofisi za huduma za hesabu, wakalipia saa chache za mashine ya mtu mwingine, na kurudi na karatasi zilizochapwa. Ilikuwa kama kwenda kusaga mahindi kwenye mashine ya kijijini. Huna kinu chako, lakini unga unakula.

Lakini kodi haikuwa gharama yote, na hapa vitabu vingi hupita haraka. Kila tarakimu iliyoingia katika mashine ilipaswa kwanza kutobolewa kwenye kadi na mtu aliyeketi mbele ya mashine yenye vibonye. Karibu wote walikuwa wanawake. Baada ya wa kwanza kutoboa, wa pili aliandika upya yaleyale kwenye mashine nyingine ya kuhakiki, na pale vidole vyao vilipotofautiana kadi ilitiwa alama ya kosa. Kwa hiyo kila mauzo ya kiwanda yaliandikwa mara mbili na wanawake wawili kabla kompyuta haijayaona. Karani wa leja alipungua, mtoboaji wa kadi akaongezeka, na mshahara wa mtoboaji ulikuwa mdogo. Ukitaka kujua kwa nini kompyuta ilikuwa rahisi, mtazame pia huyo.

Shangazi yangu ni mweka hazina wa chama cha akiba na mikopo karibu na Mbarara. Miaka michache iliyopita chama kilipewa programu ya hesabu kwenye kompyuta ndogo. Mwisho wa mwaka ilikwama, na fundi pekee aliyeijua alikuwa Kampala, hapokei simu. Shangazi alifungua leja ya zamani, ambayo alikuwa ameendelea kuijaza kwa siri, na mkutano mkuu ukafanyika siku iliyopangwa. Nilipomweleza habari za 1401 aliniuliza swali moja tu: fundi wake alikuwa anakaa wapi? Ni swali la mtu anayejua bei ya vitu. Katika Marekani ya mwaka 1960, fundi wa IBM alikuwa mjini hapohapo au mji wa jirani. Hilo lilikuwa sehemu ya urahisi wa mashine, ingawa halikuandikwa kwenye bei.

Tupige hesabu kidogo. Mwaka 1959 kima cha chini cha mshahara huko Marekani kilikuwa dola 1 kwa saa, yaani takriban dola 173 kwa mwezi kwa mtu wa saa 40 kwa wiki. Kodi ya dola 2,500 ilikuwa sawa na kima cha chini cha watu kumi na wanne hivi. Shirika lenye makarani thelathini lingeweza kuwaza na kuona faida. Tuichukue kodi hiyohiyo tuilete Dar es Salaam ya mwaka 1965. Dola moja ilikuwa shilingi saba na senti kidogo, na kima cha chini mjini kilikuwa shilingi 150 kwa mwezi, sawa na dola 21. Mashine ileile sasa ni sawa na watu karibu 120. Hakuna transista iliyobadilika ndani yake. Kilichobadilika ni mshahara wa mtu anayeshindanishwa nayo. Tena makarani 120 wanalipwa kwa shilingi na wananunua unga na kanga hapohapo nchini, wakati kodi ya mashine inataka fedha za kigeni ambazo zimepatikana kwa kuuza kahawa na mkonge.

Sikuchagua mwaka 1965 kwa kubahatisha. Mwaka huo Wizara ya Fedha ya Tanzania ilifunga kompyuta ya kwanza nchini, iliyoitwa ICT 1500. ICT ilikuwa kampuni ya Uingereza iliyoundwa mwaka 1959 kwa kuunganisha kampuni mbili za zamani za mashine za kadi. Lakini mashine yenyewe haikuwa ya Kiingereza. Ilikuwa RCA 301 ya Marekani iliyopewa jina jipya, na RCA 301 ilikuwa miongoni mwa mashine zilizotolewa kushindana na 1401 kwa wateja walewale wa kati na wadogo. Bull ya Ufaransa nayo iliiuza kwa jina la Gamma 30. Kwa hiyo kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilikuwa ya ukoo huu ninaouzungumzia, ukoo wa mashine za bei nafuu. Nafuu kwa mwenye kiwanda wa Ohio.

Zilizofuata zilikuwa chache, za kuhesabika kwa vidole. Wataalamu wengi walikuwa wageni, vipuri vilitoka ng'ambo, na matokeo katika hesabu za serikali hayakuwa yale yaliyotarajiwa. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Nimewahi kusikia agizo hilo likichekwa darasani, kama mfano wa watu walioyakimbia maendeleo. Wenzangu waniwie radhi, sicheki. Sisemi kwamba agizo lilikuwa zuri, kwa sababu lilidumu kupita haja yake na vijana wengi wa Kitanzania walikosa kujifunza mapema. Nasema kwamba mtu aliyekaa Hazina mwaka 1974, baada ya mafuta kupanda bei maradufu na zaidi, akiiangalia mashine inayokula fedha za kigeni ili kufanya kazi ambayo makarani wa nyumbani wanaweza kuifanya, hakuwa mjinga. Alikuwa akiuliza swali la Underwood: fedha zinakwenda wapi? Akapata jibu tofauti, kwa sababu alikuwa amekaa mahali tofauti. Waswahili wamelisema kwa maneno mawili tu, rahisi ghali.

Wateja wa 1401 wenyewe nao waligundua ghali yake, ingawa kwa namna nyingine. Baada ya miaka minne mitano ya kuandika programu, walikuwa wamefungwa. Mashine ingeweza kurudishwa mwisho wa mkataba, lakini programu zilizokuwa zikiendesha mishahara na ankara hazikuweza kuhamia kwenye mashine nyingine. Honeywell iliuona mlango huo. Mwezi Desemba 1963 ilitangaza mashine yake, Honeywell 200, yenye kasi zaidi na iliyokuja na zana ya kuzigeuza programu za 1401 zifanye kazi kwake. Zana hiyo iliitwa Mkombozi, na jina hilo lilichaguliwa na mtu aliyejua anachokiuza. IBM ilitikisika. Tarehe 7 Aprili 1964 ilitangaza System/360, familia nzima ya kompyuta za ukubwa mbalimbali, na mojawapo ya ndogo zake, Model 30, iliweza kujifanya 1401 na kuendesha programu za zamani bila kuzigusa. Wengi walihamia huko. Wengi kati yao hawakuzitumia sana sifa mpya za 360. Waliiwasha na kuiambia iwe 1401, na ikawa, kwa miaka mingi.

Walibaki wadogo wa wadogo, wale ambao hata mwaka 1969 walikuwa bado na ubao wa nyaya. Kwa ajili yao kiwanda cha IBM cha Rochester, Minnesota, kilitoa System/3, kwa kodi iliyoanzia chini ya dola 1,000 kwa mwezi. Ilitumia kadi ndogo zaidi, yenye safu 96 na matundu ya duara, na RPG iliyoboreshwa. Mlolongo huo wa Rochester uliendelea kwa System/38, kisha AS/400 mwaka 1988, na warithi wake wanafanya kazi mpaka leo, baadhi kwa programu za RPG. Wakati huohuo wengine walikwishaanza kuuvunja ukuta kutoka upande mwingine: PDP-8 ya kampuni ya DEC ilitoka mwaka 1965 kwa bei ya dola 18,000, bei ya kununua kabisa. Hiyo ni habari ya insha nyingine.

1401 iliondolewa sokoni mwezi Februari 1971. Huko Iceland, fundi aliyeitunza mojawapo alikuwa amegundua kwamba kumbukumbu yake hutoa mawimbi yanayosikika redioni, na kabla haijaondolewa walirekodi sauti zake. Mwanawe, mtunzi Jóhann Jóhannsson, alizitumia kanda hizo katika albamu aliyoitoa mwaka 2006. Na kwenye makumbusho ya kompyuta ya Mountain View, California, ziko 1401 mbili ambazo wazee wa kujitolea, baadhi yao waliokuwa wahandisi wa IBM ujanani, wamezifufua hadi zinasoma kadi na kuchapa. Moja ilitoka Ujerumani. Nyingine ilitoka kwenye nyumba ya watu huko Connecticut. Familia hiyo iliifunga nyumbani kwao na kuitumia kutengeneza hesabu za wanachama wa vilabu vya starehe, miaka mingi baada ya watengenezaji wake kuisahau. Walikuwa shirika dogo kuliko yote yaliyomo katika insha hii, na hawakuwa wakilipa kodi kwa mtu.